Kuvuka Walawi

Mama mkwe wangu alikuja Kinyerezi wiki chache baada ya sisi kumzika mwanawe, ambaye alikuwa mume wangu. Alikuja na kikapu cha parachichi, blanketi zito lisilo na kazi yoyote katika joto la Dar es Salaam, na Biblia yake aliyoivisha jalada la kitenge. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na kwamba watamfanyia upasuaji presha ikishashuka, na presha yake ilikuwa haitaki kushuka. Basi akakaa. Hakuniuliza kama anaweza kukaa, na mimi sikumuuliza atakaa mpaka lini.

Mume wangu alianguka bafuni asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Mpaka tunafika hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa hajawahi kulalamika moyo, alikuwa analalamika mgongo. Tulimpeleka kwao Njombe, tukamzika kwenye baridi na udongo mwekundu, kisha nikarudi mjini kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na shule zilikuwa zinafunguliwa. Hatukujaliwa mtoto. Nilikuta viatu vyake vya wazi pale mlangoni vilipokuwa, nikavipita. Niliamka, nikachemsha chai, nikaenda kazini, nikasahihisha madaftari, nikarudi. Walimu wenzangu walisema nina nguvu sana. Sikuwa na nguvu. Sikuwa na kitu chochote ndani, hata hiyo huzuni waliyodhani ninaificha.

Simu yangu ilikuwa imejaa mistari ya faraja. Kundi la usharika, kundi la walimu, kundi la watu wa kwetu Masasi, wote walinitumia maneno matamu yameandikwa juu ya picha za maua na machweo. Nilijibu yote kwa neno moja, amina. Kwa kweli nilikuwa siyasomi. Kila mstari ulikuwa unanitaka nifarijike, nami sikujua hiyo kazi inaanzia wapi.

Siku moja nimerudi kutoka shuleni nikamkuta mama amekaa barazani kwenye mkeka, Biblia ameisogeza mpaka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanga bado upo?"

"Upo, mama. Ni saa kumi tu."

"Basi weka mkoba wako, ukishakunywa maji uje unisomee. Mimi naona weupe tupu."

Nilidhani atataka Zaburi. Nikafungua katikati ya kitabu bila kuuliza, nikaanza kutafuta ile ya mchungaji na malisho, ambayo kila mtu anaitaka. Akanisikia nikipekua.

"Unakwenda wapi huko mbali? Rudi. Walawi."

"Walawi, mama?"

"Sura ya kwanza."

Akanieleza bila aibu. Tangu alipopata kipaimara, akiwa msichana, kila mwaka mpya alikuwa anaanza Biblia kuanzia Mwanzo akiwa na nia ya kuimaliza. Mwanzo ilikuwa inakwenda vizuri, maana ni habari za watu na ugomvi wao. Kutoka nayo ilikuwa inakwenda mpaka wanapoanza kupima mbao za hema. Halafu inakuja Walawi. "Nikifika kwenye mafuta ya figo nalala," alisema. "Kila mwaka. Msimu wa palizi unanikuta hapo hapo, kitabu nakirudisha kabatini. Nimezeeka sijavuka Walawi."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti yangu ya darasani, ile ninayotumia kuwasomea watoto imla, kila neno peke yake na kituo mahali pake. Ng'ombe anachinjwa upande gani, damu inamwagwa wapi, mafuta yapi yanateketezwa, majivu yanapelekwa nje ya kambi na nani, na amevaa nini. Mama alisinzia kwenye figo kama alivyosema, akaamka, akaniambia nirudie alipoachia. Nikarudia. Haikunichosha wala haikunifurahisha. Lakini nilipofunga kitabu niligundua kwamba kwa muda wote ule hakuna mtu aliyekuwa ananingoja nijisikie vizuri. Sura zile hazikuwa na haja na mimi. Zilitaka tu majivu yawekwe mahali safi.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Nikirudi shuleni nakunywa maji, navua viatu, nasoma mpaka mwanga unapofifia, kisha naingia jikoni kupika. Tulikuwa hatutegemei taa. Kutoka uani kwetu mabomba ya mitambo ya umeme wa gesi yanaonekana vizuri kabisa, lakini jirani zetu wote wana mishumaa. Mama alikuwa ananiambia maoni yake kama mtu anayesikiliza habari za redioni. Tulipofika kwenye sura za magonjwa ya ngozi, kuhani anaangalia baka, anamtenga mtu, anamwangalia tena, akasema, "Huyu kuhani ni bwana afya." Na kweli, alifanana kabisa na bwana afya anayekuja kukagua vyoo vya shule yetu.

Masika ilipoanza ukuta wa chumba changu cha kulala ulipanda unyevu. Nyumba ile tuliijenga kidogo kidogo, chumba kikiisha tunahamia, na upande wa nyuma msingi haukuinuliwa vya kutosha. Madoa yalianza chini, ya kijani na mengine ya rangi ya kutu, yakapanda mpaka usawa wa kitanda. Rangi ikatoa malengelenge. Chumba kikanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Zamani ningemwambia mume wangu siku hiyo hiyo. Sasa nilikuwa nalala nimeugeukia ukuta ule, nautazama, halafu nalala.

Katika Walawi kuna sura inayozungumzia nyumba yenye ugonjwa. Sikuwa najua. Tuliifikia mvua ikinyesha, tumesogeza mkeka ndani karibu na dirisha. Mwenye nyumba anakwenda kwa kuhani kusema anaona kama kuna pigo nyumbani kwake. Kuhani anaamuru vyombo vyote vitolewe nje kwanza, kabla hajaingia, ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Halafu anaingia kuangalia madoa ya kijani na mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta. Nyumba inafungwa. Yakienea, mawe yanatolewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, inapigwa lipu mpya.

"Ngoja," mama akasema. "Vyombo wanatoa kabla?"

"Ndiyo, mama. Ili visinajisike."

"Hiyo ni huruma." Akawa ananusa hewa. "Na humu ndani kuna ukuta unaooza. Nausikia tangu juzi. Wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda mpaka chumbani kwangu, akainama, akapapasa madoa yale kwa kiganja. Lipu ikamong'onyoka mkononi mwake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Vyombo vitoke leo. Kesho uite fundi."

Tukatoa vitu. Godoro, kabati la nguo likiwa na mashati ya mume wangu bado, viatu, masanduku. Tulivipanga sebuleni mpaka tukakosa pa kukanyaga. Nilibeba mashati yale mikononi kama ninavyobeba madaftari ya darasa la sita, nikayaweka juu ya kochi, nikarudi kuchukua mengine.

Fundi alikuja Jumamosi, kijana wa mtaa wa pili. Alimwamkia mama vizuri, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Sista, hii chumvi imeshaingia kwenye tofali. Mkipaka rangi juu juu itarudi tu. Inabidi tukwangue yote mpaka tofali, kisha tupige lipu yenye dawa. Na huku nje tuchimbe mfereji, maji yasikae."

"Kwangua," mama akamjibu kutoka mlangoni. "Imeandikwa ukwangue."

Fundi akacheka akidhani ni utani wa wazee. Akakwangua kutwa nzima. Vumbi liliingia kwenye nywele na kwenye sufuria. Kwa juma zima nililala chumba cha mama, yeye kitandani na mimi chini, na nilimsikia akiomba kwa Kibena, lugha nisiyoijua, nikaona ni afadhali hivyo. Lipu ilipokauka nilirudisha godoro, lakini mashati sikuyarudisha. Nilimwachia fundi mawili na mengine nikayapeleka kanisani. Ilikuwa kazi ya kuamua, na ndiyo kazi ya kwanza ya kuamua niliyoifanya tangu msiba. Sikusikia uchungu. Nilikuwa kama ninafungasha nguo za mgeni aliyezisahau.

Tuliivuka Walawi hivyo. Mama alipiga makofi mara moja, akasema, "Nimetoka," kisha akaniambia nifungue Hesabu.

Baada ya Hesabu na marudio yote ya Kumbukumbu tukaingia Yoshua, na hapo mambo yakawa magumu kwa namna nyingine. Si ukavu tena. Ni miji inayochomwa, na waliomo. Jioni moja mzee wa kanisa wa jumuiya yetu, karani mstaafu, mtu mpole sana, alifika kutujulia hali akanikuta ninasoma habari za mji ambao hawakuacha ndani yake mtu anayepumua. Alisimama getini akasikiliza mpaka nilipoweka kituo. Nikamletea kiti.

"Mama," alimwambia mama mkwe wangu, "Mungu awabariki kwa kusoma Neno. Ila kwa hali yenu ya sasa, ninyi wote wawili mna kidonda. Ningeshauri Zaburi, au Injili ya Yohana. Hizi sehemu ngumu mwachieni mchungaji, zinahitaji maelezo."

"Asante, mzee wangu. Mchungaji anazisoma lini?"

Mzee akakohoa kidogo. "Kwa kweli ibadani hazisomwi sana."

"Basi ndiyo maana. Zaburi ninazo kichwani, hata nikipofuka kabisa zipo. Hizi sizijui. Nimezika mtoto wangu wa kiume, mzee. Nimemwomba Mungu maisha yangu yote. Sasa nataka kusikia yote yaliyoandikwa juu yake, mazuri na haya. Nataka kujua ninayemwomba ni nani."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakubishana, na nilimheshimu kwa hilo. Alituombea, akanywa chai, akaondoka kabla mvua haijaanza. Mama akaniambia, "Tulikuwa wapi?" Nikamwambia tulipokuwa, nikasoma mji uliofuata. Mwishoni akauliza, "Na watoto?"

"Na watoto, mama."

"Funga."

Siku ile hatukuendelea. Kesho yake hatukusoma pia. Kesho kutwa yake nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameshakaa kwenye mkeka, kitabu kiko mahali pangu.

Sauti yangu ya darasani ilinishinda mara moja tu, mwishoni mwa Waamuzi. Ni ile habari ya mwanamke anayesukumwa nje ya mlango apewe wahuni, ili mwanamume aliye ndani asalimike, na asubuhi anakutwa amelala kizingitini, mikono yake ipo mlangoni. Nilipoona inakoelekea nilinyamaza.

"Mbona kimya?"

"Mama, hii turuke. Si nzuri."

"Imemkuta nani?"

"Mwanamke mmoja. Hana jina."

"Yeye ilimkuta. Sisi tunasikiliza tu. Soma, mwanangu."

Nikasoma mpaka mwisho. Mama alijifunika kanga kichwani kama yuko msibani, na nilipomaliza alikaa nayo hivyo hivyo mpaka chakula kilipoiva.

Kitabu kinachofuata ni Ruthu. Ni kifupi, sura nne, na ni kizuri. Katika Biblia nzima pengine ndicho kitabu ambacho wanawake wa jumuiya walikuwa wanatutajia zaidi. Kila waliponiona nimemshika mama mkono kwenda kanisani walisema, tazameni Ruthu na mama mkwe wake. Walisema kwa upendo. Nilikifungua nikifikiri angalau leo tutapumua.

"Ruka hicho," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu aliyesikiliza figo, madoa ya kuta, orodha za makabila, miji iliyochomwa, ndiye anayeniambia niruke.

"Ruthu, mama?"

"Najua ni nini. Siwezi kumsikia yule mama akirudi kwao mikono mitupu, watu wanamuuliza kama ni yeye. Mimi nililipokea jeneza njiani, nikashuka nalo kwenye gari, watu wakaniuliza hivyo hivyo. Fungua Samweli."

Nikafungua Samweli. Kile ndicho kitabu pekee tulichokiruka.

Tulipita wafalme wote, wazuri wachache na wabaya wengi. Tulipita majina ya Mambo ya Nyakati, ambayo niliyasoma kama ninaita mahudhurio, na mama alikuwa anaitikia "yupo" kwa wale anaowafahamu. Huo ulikuwa mchezo wake, nikauzoea. Miezi ya baridi ikafika, ile baridi yetu ya Dar ambayo yeye alikuwa anaicheka, na siku hizo ndipo tulipoingia Ayubu.

Ayubu alimchukua mama muda mrefu. Wale marafiki wanaokuja kumfariji aliwachukia kweli kweli. Kila mmoja akianza hotuba yake mama alikuwa anasema, "Huyu naye," na kusonya. Lakini alikuwa hakubali nipunguze hata mstari wa hotuba zao. Mwisho wake ninaufahamu tangu Shule ya Jumapili: Ayubu anarudishiwa mali maradufu, anapata watoto wengine, wavulana saba na mabinti watatu, na mabinti wale ni wazuri kuliko wote nchini. Tulipokuwa wadogo tuliusoma kama mwisho mwema. Niliusoma, nikafunga kitabu.

Mama alipapasa jalada la kitenge la Biblia yake. Kisha akauliza, "Na wale wa kwanza?"

"Wale walioangukiwa na nyumba?"

"Wale. Wanasema nini juu yao?"

Nikafungua tena nikatafuta. Nilipitisha kidole kwenye sura yote ya mwisho. "Hawajatajwa tena, mama."

"Mama yao angewataja," akasema.

Halafu akalitaja jina la mume wangu. Alilitaja lote, jina la ubatizo, la nyumbani, na la ukoo, taratibu, kama ninavyosoma mimi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu mazishi hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba ile. Tulikuwa tunasema marehemu, au tunasema yeye. Mama alinigeuzia uso, macho yake meupe hayanioni, akangoja. Nikajua ananingoja mimi.

Nami nikalitaja. Nililitaja lile la nyumbani tu, nililokuwa ninamwita.

Mtu aliyeng'olewa jino anajua ganzi inavyoachia. Haianzi na maumivu. Linaanza shavu kuwa lako tena, halafu unahisi ulimi, na unajua kwamba kinachofuata hutakipenda. Ndivyo nilivyokuwa. Sikulia. Niliingia jikoni nikakoroga ugali, nikausahau ukaungua chini, tukala sehemu ya juu. Nililala mapema. Usiku huo niliamka nikauelekeza mkono upande wake wa kitanda, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya hata mara moja, na upande ulikuwa mtupu.

Presha ya mama ilishuka baada ya hapo, kwa dawa mpya, wakampasua jicho la kulia na baadaye la kushoto. Siku walipomfungua bandeji ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma herufi ndogo.

"Kumbe umekonda hivi," akasema. "Na umevaa blauzi imeachia mshono. Unafundisha watoto ukiwa hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, lete sindano."

Aliushona mshono ule barazani, yeye mwenyewe akitunga uzi kwenye sindano, na kila alipofanikiwa kuutunga alikuwa ananionyesha. Kwa siku zilizobaki tulisoma kwa zamu. Usomaji wake ulikuwa wa haraka na wa kukwaruza, na alikuwa anaruka vituo vyote. Mvua za Njombe zilipokaribia akasema anataka kuwahi kupanda. Nilimsindikiza stendi ya mabasi Mbezi. Aliondoka na blanketi lake, kikapu amejaza nazi za kuwapelekea majirani, na Biblia yake ameshikilia mkononi, hakutaka iingie kwenye buti.

Nyumbani nina Biblia ya harusi yetu, kubwa, kurasa zake bado zilikuwa zimegandana pembeni. Nimeanzia pale tulipoachia. Siku nyingine nasoma, siku nyingine narudi nimechoka naiacha. Kanisani ninaimba sasa, si kila wimbo. Siwezi kusema nimefarijika, na watu wakiniuliza najibu kwamba ninaendelea, ambalo ndilo jibu la kweli.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu baada ya ibada. Tulisalimiana, akanieleza mahindi yameota vizuri na mbwa wa jirani amekula kifaranga.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Ezekieli, mama. Sura ya kwanza. Sielewi kitu."

"Hata mimi sielewi. Magurudumu yana macho pande zote! Nikadhani ni hizi lenzi walizonitia." Nikamsikia akicheka peke yake huko. Kisha akauliza, "Tuendelee?"

"Tuendelee, mama."

Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake. Nikaenda kuanua nguo, maana wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Segerea.